Msichana wa Ghergani na miaka 16 ya uhuru

Mwaka 1872 Nicolae Grigorescu, mmoja wa wachoraji wanaoenziwa zaidi Romania, alimchora msichana wa Kiroma (Waroma ni jamii ambayo wengi huiita Gypsy, si watu wa mji wa Roma) katika kijiji cha Ghergani, mkoa wa Dâmbovița. Picha inajulikana kama Țiganca de la Ghergani, yaani Msichana wa Kiroma wa Ghergani. Jina la msichana hatulipati humo; tunapata kabila lake na kijiji tu.

Mimi nafundisha uchoraji wa sura, na picha hii huwa naitumia tunapofika kwenye ngozi nyeusi. Wanafunzi wengi huchukua kahawia, wakaongeza nyeusi, wakapaka uso mzima, kisha wanashangaa mbona uso umekuwa kama masizi. Ngozi nyeusi hudaka rangi ya kila kilicho karibu nayo. Msichana wa Ghergani amevaa shati jeupe, na nguo nyeupe hurudisha mwanga juu, chini ya kidevu na kwenye shingo, mahali ambapo mwanafunzi angepaka giza tupu. Ukiiweka sehemu hiyo kijivu chenye ubaridi kidogo, na shavu ukaliachia joto la wekundu, uso unapata damu. Kivuli kiwe chembamba, mwanga ndio uwe na rangi nzito. Grigorescu alikwenda Paris mwaka 1861, akakaa Barbizon, kijiji cha Ufaransa, pamoja na wachoraji waliokuwa wakitoka na turubai zao kwenda kuchora msituni na mashambani, na huko ndiko jicho lake lilikozoea mwanga wa nje.

Lakini kuna hesabu ambayo kila mtazamaji anapaswa kuifanya. Wallachia, sehemu ya Romania ilipo Ghergani, ilifuta utumwa wa Waroma waliomilikiwa na watu binafsi Februari 1856. Kutoka hapo hadi 1872 ni miaka 16. Msichana huyu ana sura ya mtu wa miaka ishirini hivi. Kama macho yangu hayanidanganyi, basi alizaliwa wakati bado kuna Waroma wa nchi ile waliokuwa mali.

Utumwa huo haukuwa wa miaka michache. Hati ya 1385 inataja familia 40 za Waroma zilizokabidhiwa monasteri ya Tismana, kama mtu anavyokabidhi mashamba na vinu. Walikuwepo watumwa wa mtawala, wa monasteri na wa makabaila. Wakiuzwa, wakirithiwa, wakitolewa zawadi kwenye harusi. Ukombozi ulipofika, wenye mali walilipwa fidia kwa kila kichwa. Waliokombolewa hawakulipwa kitu.

Na wale waliohamahama? Hapa ndipo picha nyingi za karne ya 19 zinapotupotosha. Mchoraji wa mjini akiona hema, mkokoteni na mwanamke mwenye sarafu kwenye nywele, anachora uhuru. Kumbe wengi wa wahamaji hao walikuwa watumwa vilevile: waliruhusiwa kuzunguka na kazi zao, wakafua masufuria ya shaba na kuchonga vijiko, mradi kila mwaka walipe kodi kwa mwenye kuwamiliki. Wanawake wao walipita nyumba kwa nyumba wakitabiri, na baadhi walitabiri kwa kete. Hizi hizi kete za baharini tunazozijua sisi, ambazo Bahari Nyeusi, bahari ya Romania, haina. Zililetwa na biashara kutoka bahari za joto. Napenda sana kuwakumbusha hilo wasomaji wa Pwani.

Tunaotoka upande huu hatuhitaji kuelezwa uzito wa tarehe kama hizo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, mwaka mmoja tu baada ya picha hii.

Ghergani ilikuwa milki ya Ion Ghica, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Grigorescu mwenyewe alizaliwa 1838 Pitaru, mkoa uleule, katika familia maskini, akafiwa na baba akiwa mdogo, na tangu utotoni akachora picha za watakatifu ili apate riziki. Kabla ya Paris alishapamba kanisa la monasteri ya Agapia. Nadhani kazi hiyo ya makanisani ilimwachia tabia ya kuupa kila uso nafasi yake kamili. Enzi ile mwanamke wa Kiroma alikuwa akichorwa kama pambo, shati limelegezwa ili mnunuzi afurahi, na Grigorescu naye hakuepukana kabisa na desturi hiyo. Ila uso wa msichana huyu ameufanyia kazi kwa uangalifu uleule ambao matajiri wa Bucharest walikuwa wakiulipia.

Ukitaka kuona hatua iliyofuata, tafuta picha ya mchoraji mwingine wa Romania, Ștefan Luchian, ya 1901, Safta Florăreasa, muuza maua wa Bucharest. Safta hahami, ana kazi yake mjini na wateja wake. Nawashauri wanafunzi waziweke picha hizi mbili pamoja, waangalie kwanza shingo na kidevu, kisha wasome majina ya picha zenyewe: moja lina kijiji, lingine lina jina la mtu.