Spishi Mpya Haizaliwi Siku Moja

Dhana potofu: Ikiwa binadamu alitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?

Ukweli: Binadamu hakutokana na sokwe wa leo. Wote wawili wana babu mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, ambaye hakuwa binadamu wala sokwe tunayemjua. Kushangaa kwamba sokwe bado wapo ni sawa na kushangaa kwamba binamu yako yupo ilhali wewe ulikwisha kuzaliwa.

Dhana potofu: Kuna siku mnyama wa spishi moja (kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao) alizaa mtoto wa spishi nyingine.

Ukweli: Hapa ndipo penye mzizi wa makosa mengi. Kila mtoto ni wa spishi ya mama yake. Kinachobadilika ni kundi zima, kizazi baada ya kizazi. Kundi likitenganishwa, mabadiliko ya jeni yanayotokea upande mmoja hayaufikii upande wa pili, na uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa mazingira kuishi na kuzaa zaidi, huuelekeza kila upande kwa kadiri ya mazingira yake, hata wakikutana tena wasizaliane. Ardhi ya Panama ilipoinuka na kukata njia ya maji kati ya Pasifiki na Karibi, kazi iliyokamilika takriban miaka milioni 3 iliyopita, kamba waliokuwa jamii moja walibaki pande mbili. Leo, dume na jike wa pande hizo wakiwekwa pamoja, mara nyingi hupigana badala ya kupandana.

Dhana potofu: Mageuko, yaani mabadiliko hayo ya viumbe, ni ngazi, na binadamu yuko juu kabisa.

Ukweli: Ni mti wenye matawi, na kila kiumbe aliye hai yuko kwenye ncha ya tawi lake.

Dhana potofu: Spishi mpya huhitaji mamilioni ya miaka.

Ukweli: Mara nyingi huchukua muda mrefu sana, lakini si lazima. Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu wakati huo zimetokea humo mamia ya spishi za samaki waitwao furu: wapo wanaokwangua mwani miambani, wanaovunja konokono na wanaowinda samaki wenzao. Mara nyingi jike humtambua dume wa spishi yake kwa rangi. Ndiyo maana uchafuzi wa ziwa hilo unasikitisha mno, kwani maji yakijaa tope rangi hazionekani vyema, na spishi zilizokwisha kuachana huanza kuchanganyika upya.