Je, wajua kwa nini mkojo wa mgonjwa wa ICU unaweza kugeuka kijani?

Umeenda kumuona mgonjwa wako ICU, kalazwa usingizi, mpira mdomoni, mashine inampumulia, alafu macho yanashuka kwenye mfuko wa mkojo pale ubavuni mwa kitanda unakuta mkojo kijani, yani kijani kabisa kama majani, moyo unakulipuka unajua basi figo ndo zimekwisha. Mara nyingi wala sio figo, ni ile dawa ya usingizi.

Inaitwa propofoli. Ukiiona kwenye bomba ni nyeupe kama maziwa, sababu haiyeyuki vizuri kwenye maji ikabidi ichanganywe na mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai. Sasa nyeupe inageukaje kijani? Ule weupe ni wa mafuta tu. Dawa yenyewe ni jamii ya fenoli, yani kundi fulani la kemikali, ikifika kwenye ini inabadilishwa ili iyeyuke kwenye maji na itoke na mkojo, na hayo mabaki yake ya fenoli ndo yanayoleta kijani. Haitokei kwa kila mtu, ni wachache, hasa waliowekewa dripu yake mfululizo ingawa hata dozi moja imewahi kuleta, na dawa ikisimamishwa rangi inapotea yenyewe ndani ya masaa au siku chache, haihitaji tiba.

Na yale mafuta usiyadharau, kila mililita ina kama kalori 1.1, kwahiyo dripu ya mililita 20 kwa saa ikienda siku nzima mgonjwa kashapata kalori zaidi ya 500 akiwa amelala, ndo maana watu wa lishe wanapiga hesabu upya ya chakula cha mpirani.

Ila kijani ina sababu zingine pia, kuna dawa ya bluu ya methilini, kuna bakteria anaitwa Pseudomonas kwenye njia ya mkojo, kwahiyo daktari lazima aziangalie hizo kwanza kabla ya kusema ni propofoli, na wewe ukiuliza hujakosea kabisa, uliza tu. Mimi rangi ninayoiogopa ni kahawia iliyokolea kama chai ya rangi. Hiyo inaweza kumaanisha misuli inavunjika, na propofoli ikitumika kwa dozi kubwa siku nyingi inaweza kuleta hali hiyo, ni nadra lakini ni hatari kwa moyo na figo, kwahiyo ukiiona muite nesi hapohapo.