Je, wajua: damu ikivuka siku zake, ni hedhi au ni ugonjwa?

Nyuma ya mlango wa jiko la mama yangu, Wete, kulikuwa na mistari ya mkaa. Kila mstari ulikuwa siku moja ya Ramadhani aliyokula kwa ajili ya hedhi, na akilipa funga moja anafuta mstari mmoja kwa kidole. Wanawake wengi wa Visiwani tunazihesabu siku zetu hivyo, kwa sababu ibada inatudai hesabu: lini umeingia mwezini, lini damu imekatika, lini umekoga. Lakini daktari akituuliza siku ya mwanzo ya hedhi ya mwisho, jibu letu huwa "mwezi uliopita", na hapo hesabu yote nzuri imepotea.

Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hii hadi siku ya kwanza ya damu ijayo. Kwa mtu mzima ni siku 21 hadi 35, na damu yenyewe hutoka siku 2 hadi 7. Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kufika hata siku 45, na kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo tarehe zake zitarukaruka. Mwenye mzunguko wa siku 26 anaweza kuona damu tarehe 2 na tena tarehe 28 ya mwezi uleule. Huyo haumwi.

Sasa, kwa nini damu huvurugika? Kila mwezi homoni ya estrojeni hujenga utando laini ndani ya kizazi. Yai likishapevuka na kutoka kwenye ovari, huja homoni ya pili, projesteroni, ambayo huushika utando huo ukatulia. Mimba isipotunga, homoni zote mbili hushuka na utando hutoka kwa pamoja: hiyo ndiyo hedhi. Yai lisipopevuka, projesteroni haiji. Utando huendelea kunenepa bila cha kuushika, kisha hubanduka vipande vipande, kama chokaa ya nyumba za Mji Mkongwe wakati wa masika: leo hapa, keshokutwa pale. Ndiyo maana mtu hukaa miezi miwili hajaona kitu, kisha damu ikaja wiki mbili haikatiki. Hivi huwatokea sana wasichana wachanga na kina mama wanaokaribia kukoma hedhi. Huwatokea pia waliokonda ghafla, walionenepa mno, wenye mawazo mazito, wenye maradhi ya tezi ya shingo au wenye ovari zenye vifuko vingi.

Sababu nyingine ziko kwenye kizazi chenyewe: uvimbe, vinyama vidogo, maambukizi na, mara chache, saratani. Kitanzi cha shaba huweza kuzidisha damu. Sindano ya miezi mitatu mwanzoni huleta matone yasiyo na mpango, baadaye wengi huacha kabisa kuona siku zao. Tafadhali tuache kutishana kwamba damu inajazana tumboni. Sindano huufanya utando kuwa mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Na wale wanaomeza vidonge vya kuzuia hedhi ili wafunge Ramadhani yote au wakahiji, wakiacha, damu huja baada ya siku mbili tatu. Vidonge hivyo vinataka ushauri wa daktari, si vya kuazimana na jirani.

Hapa pana jambo tunalolichanganya sana. Kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi hapa, hedhi haizidi siku 15, na damu ya zaidi ya hapo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Tofauti hiyo ni ya zamani mno: Fatma bint Abi Hubaish alimwendea Mtume kwa sababu damu yake haikatiki, akajibiwa kuwa hiyo ni ya mshipa, si hedhi. Sheria inakwambia usali au usisali. Haikusudii kukwambia kama u mzima. Anayetoka damu siku 12 kila mwezi yumo ndani ya hedhi kwa hukumu, lakini kwa mwili wake siku hizo ni nyingi na anahitaji kupimwa.

Nenda kituo cha afya kama damu inapita siku 7 mwezi baada ya mwezi, kama mzunguko uko chini ya siku 21, au kama umekaa miezi mitatu bila kuona na huna mimba wala hunyonyeshi. Nenda ukitoka damu baina ya hedhi mbili, au baada ya tendo la ndoa. Hii ya mwisho inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi. Nenda ukiona mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 500, au ukichoka, ukahema kwa ngazi chache na viganja vikapauka. Na mama aliyekoma hedhi mwaka mzima, damu ikirudi hata tone, apimwe. Ujana haujarudi.

Kuna damu isiyosubiri asubuhi. Pedi kuloa chepechepe kila saa, kwa saa mbili mfululizo, ni dharura. Damu kidogo yenye maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo huua. Mtu akiwa Kojani au Kisiwa Panza, ambako lazima avuke maji, chombo kitafutwe usiku huohuo.

Najua kinachowazuia wengi: aibu, na kwa mwari, hofu ya kuguswa. Vipimo vya kwanza ni maswali, mkojo wa kupima mimba na wingi wa damu mwilini. Utrasaundi hupigwa juu ya tumbo, na mwari aweza kusema wazi kuwa hajaolewa. Unaweza pia kuomba uhudumiwe na mwanamke. Uchunguzi wa shingo ya kizazi kwa walioolewa ni wa dakika chache: hupakwa siki, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe.

Chukua kalenda, tia alama siku damu ilipoanza na ilipokatika kwa miezi mitatu, na idadi ya pedi kwa siku. Ikiwa damu inatoka sasa na ni nyingi, usingoje ikatike kwanza. Nenda nayo.