Kishale kinachokimbizana na muziki

Mwulize mtu kama wimbo aliomaliza kuusikiliza ni wa furaha au wa huzuni, naye atakujibu kwa neno moja. Neno hilo limemeza mengi. Wimbo wa dakika nne waweza kuanza kinyonge, ukachangamka katikati, kisha ukatulia. Na jibu linalotolewa mwishoni huelemea nyakati zilizokuwa kali zaidi na zile za karibu na tamati.

Kwa hiyo watafiti wengi wa saikolojia ya muziki hawasubiri wimbo uishe. Msikilizaji hukaa mbele ya kompyuta yenye mraba kwenye skrini. Kulia ni furaha, kushoto huzuni. Juu msisimko, chini utulivu. Muziki ukianza, anasogeza kishale kwa kipanya, na kompyuta inanukuu kilipo walau kila sekunde. Emery Schubert wa Australia ni mmoja wa walioikuza njia hii miaka ya 1990, kwa kutumia vipimo viwili ambavyo mwanasaikolojia James Russell alikuwa amevieleza mwaka 1980.

Anachoulizwa msikilizaji ni muziki unaeleza hisia gani, si yeye amejisikiaje. Hapa wengi huteleza: mtu huitambua huzuni ya wimbo waziwazi huku mwenyewe anaburudika.

Ukiuweka mchoro wa kishale sambamba na rekodi, utaona kishale kinachelewa. Sauti ikipanda au kasi ikibadilika, mara nyingi hupita sekunde 1 hadi 3 ndipo mkono ufuate. Kishindo cha ghafla ndicho hukatiza ucheleweshaji huo. Katika sehemu ya pili ya Simfonia namba 94 ya mtunzi Haydn, iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792, ala zinanong'ona kwa upole, mara okestra nzima inalipuka kwa pigo moja. Kwa mlipuko wa aina hiyo hakuna anayehitaji sekunde tatu za kutafakari.

Mwanzo wa wimbo una kitendawili chake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba nusu sekunde yatosha kutofautisha muziki wa furaha na wa huzuni, ilhali kishale huzubaa sekunde kadhaa kabla ya kushika njia. Kwangu mimi hakuna mgongano: kuchagua moja kati ya mawili ni rahisi, kuchagua mahali kwenye uwanja mzima ni kazi nyingine.

Msisimko hufuata sana ukubwa wa sauti na kasi. Furaha na huzuni ni vigumu zaidi kuzikadiria, kwani mazoea ya msikilizaji yana nafasi kubwa, ingawa si yote: utafiti wa mwaka 2009 ulikuta Wamafa wa Kameruni, wasiouzoea muziki wa Magharibi, wakizitambua ndani yake furaha, huzuni na hofu kuliko ambavyo bahati tu ingewawezesha.

Kisha kuna mabaki ya kilichotangulia. Kilipo kishale sasa hutegemea kilipokuwa sekunde iliyopita, kwa hiyo alama 240 za msikilizaji mmoja, moja kwa kila sekunde ya wimbo wa dakika nne, si ushahidi 240 unaojitegemea. Anayezichambua kana kwamba zinajitegemea ataona uhusiano kati ya muziki na kishale hata pale usipokuwepo.