Mzuka ukikata: bernauti ni nini, na ilhamu inarudije

Tuanze na neno lenyewe maana siku hizi linatumika ovyo, mtu kakesha usiku mmoja anaangalia mpira asubuhi anakwambia ana bernauti. Hapana bana, huko ni kuchoka tu, ukilala unaamka mzima. Bernauti ni pale unapolala masaa tisa, unaamka, unafungua leptopu, na ukiiona tu ile programu unayofanyia kazi kila siku tumbo linakukaza kama umeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Kitaalamu neno hili, kwa Kiingereza burnout, yaani kuungua mpaka kuisha, liliandikwa mwaka 1974 na mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger. Huyu mzee mchana alikuwa na wagonjwa wake wa kumlipa, jioni anajitolea kwenye kliniki ya bure iliyokuwa inawahudumia watumiaji wa madawa ya kulevya, anarudi kwake usiku mkubwa. Akaanza kuona wenzake wa kujitolea, watu waliokuja na moto kwelikweli, baada ya muda wanakuwa wakali, wanaumwa vichwa, hawajali tena, na yeye mwenyewe yakamkuta. Waliounguzwa zaidi ndo wale wale waliokuwa wanaipenda kazi. Kama umewahi kutumia kibatari utanielewa haraka, mafuta yakiwepo kinachoungua ni mafuta, yakiisha utambi unaanza kujiunguza wenyewe, na moshi unakuwa mwingi kuliko mwanga.

Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaja kuipima hii kitu kwa maswali, dodoso lake lilitoka 1981, na akaigawa mara tatu. Ya kwanza ni nguvu kuisha, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni roho kufa ganzi, yaani unaanza kuiona kazi na watu wa kazi kama usumbufu tu. Ya tatu ni kujiona hufanyi la maana, hata ukimaliza kitu kizuri hukihisi. Watu wengi wanahangaika na hiyo ya kwanza, wanalala, wanakunywa maji, wanakula matunda, alafu wanashangaa mbona bado. Kwa mtu wa kazi za kubuni mi naona inayoua ni ya pili.

Nakwambia kwa sababu nimepita humo. Nadizaini kadi za harusi, za sendofu, mabango ya biashara, kila kitu mpaka stika za ndoo za maandazi. Kuna msimu wa harusi nilikuwa na kadi kumi na moja kwa wakati mmoja, na mteja mmoja tulifika rekebisho la saba, mara ongeza dhahabu, mara dhahabu imezidi, mara shemeji yake kasema maua yawe ya zambarau, alafu saa sita usiku inakuja voisi noti ya dakika nne. Nikamjibu "sawa dada". Nikaweka maua ya zambarau. Majina ya bwana na bibi harusi yalikuwa yanagusana na ua, nikaona kabisa yanagusana, na nikatuma hivyo hivyo. Mimi! Ambaye zamani nilikuwa naweza kukaa nusu saa nasogeza herufi moja. Hapo ndo nilipaswa kujua nimeungua ila nilidhani nimekua mkubwa kikazi, nimeacha kujisumbua na vitu vidogo.

Sasa hii ilhamu yenyewe ni nini. Neno tumelitoa Kiarabu na ukienda kwa masheikh ni jambo Mungu analolitia moyoni mwa mtu, halitafutwi kwa nguvu. Mtaani tunasema mzuka, na mzuka ni kitu kinachozuka, hata pepo ni mzuka, kinatokea chenyewe wakati hukukitegemea. Ukiangalia maneno yote mawili yanakwambia jambo moja, hii kitu inakuja, huiendei. Ndo maana ile tabia ya kukaa masaa matatu unaperuzi kazi za watu kwenye simu "kutafuta ilhamu" huwa inakuacha hoi zaidi, maana unapakia tu vitu juu ya kichwa kilichokwisha jaa, alafu unajilinganisha.

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliandika kwamba wazo linapita hatua nne: kukusanya, kuatamia, wazo kuchomoza, alafu kulihakiki. Napenda hiyo ya kuatamia kwa sababu tunaifahamu vizuri, kuku analalia mayai siku 21 na huwezi kwenda kumnyanyua kila baada ya dakika kumi uone kama yamepasuka. Mtu mwenye bernauti anataga tu. Anataga, yai linachukuliwa likiwa la moto, anataga tena, hakuna hata moja lililolaliwa. Kwa hiyo kurudisha ilhamu kwa sehemu kubwa ni kurudisha hiyo nafasi ya kuatamia, na nafasi yenyewe sio lazima iwe safari ya Zanzibar kama watu wa motivesheni wanavyodai, wengi wetu hatuna hiyo hela na kodi inasubiri. Kutembea tu kunasaidia, na hili limepimwa, mwaka 2014 watafiti wa Stanford walikuta watu wakitembea wanatoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa kama asilimia 60 kuliko wakikaa, na hata waliotembea kwenye mashine wakiwa wameangalia ukuta mtupu walipata faida hiyo. Ila ni kwa yale mawazo ya kutapakaa, sio maswali yenye jibu moja.

Mi kilichonisaidia zaidi ni ukili, ule mkanda wa miyaa unaosukwa kutengenezea mikeka. Nilienda kwa shangazi Pangani wiki mbili, na yeye jioni anakaa barazani anasuka, nikamwambia nipe na mimi miyaa. Akanipa ya kawaida isiyo na rangi, ile ya rangi alisema nitaiharibu. Nilisuka kama urefu wa mkono, upande mmoja mpana upande mwingine mwembamba, umepinda kama mto. Akauangalia akasema "mwanangu, mbona unasuka kama unafukuzwa?" Akacheka, akauweka pembeni, basi. Hamna rekebisho la pili, hamna voisi noti. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kutengeneza kitu alafu kikabaki hivyo kilivyo.

Lakini nisikudanganye, ukirudi kwenye kazi ile ile kwa masharti yale yale utaungua tena. Shirika la Afya Duniani lilivyoielezea bernauti mwaka 2019 halikuiita ugonjwa, lilisema inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Kazini, sio kwenye tabia yako. Mi sasa hivi marekebisho ni mawili, la tatu unalipia, na saa mbili usiku data inazimwa. Nimepoteza wateja kadhaa, akiwemo dada wa zambarau. Na kama unachohisi hakiishii kwenye kazi, yaani hata watoto, chakula, ibada, vyote havina ladha, au unawaza bora usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, nenda hospitali uongee na mtu, ukili hautatosha.

Utajuaje imeanza kurudi? Wengi wanasubiri wazo kubwa. Kwangu ilianza kwa kukereka. Siku narudi Dar nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, foleni haitembei, nje kuna bango limeandikwa kwa mkono SALUNI YA KIK, alafu ile E imekosa nafasi imesukumwa chini imelala kama mgonjwa. Nikaudhika! Nikaanza kuipanga upya kichwani, nikapunguza unene wa S, nikashusha mstari, nikasema hapana weka SALUNI juu peke yake, na konda anaita vituo mi simsikii, nakuja kushtuka nimepitilizwa vituo viwili.