Musawo, yaani daktari, akisema mtoto yuko kwenye "rimisheni", bado hajasema amepona

Kati ya maneno yote ya wodi ya kansa ya watoto, hili ndo limetuchanganya sisi zaidi. Mpwa wangu alikutwa na lukemia, yaani kansa ya damu, dada akampeleka Kampala, wakakaa huko na baada ya kama mwezi wa madripu na sindano za mgongo musawo akamwambia mtoto ameingia rimisheni. Dada akapiga simu analia kwa furaha eti mtoto kapona, huku nyumbani tukachinja kuku kabisa. Kabla hata hajafunga mizigo akapewa tarehe ya kemo nyingine, yaani zile dawa kali za kuua kansa! Alikasirika vibaya, akaona wanataka kumla pesa tu.

Kumbe rimisheni maana yake ni kwamba ugonjwa umeshuka mpaka hauonekani tena kwa vipimo vya kawaida na mwili umerudi kutengeneza damu yake vizuri. Kwa lukemia wanatoboa mfupa wa nyonga, wanavuta uboho kidogo, wanauangalia kwa darubini, zile seli changa za kansa wanazoziita blasti zikiwa chini ya asilimia 5 na hesabu ya damu imekaa sawa basi hiyo ni rimisheni. Sasa chini ya 5 si sufuri. Darubini inaweza isione kitu na bado mwilini zimebaki seli mamilioni kwa mamilioni. Aliyewahi kupambana na kunguni ananielewa, unapiga dawa leo, usiku unalala vizuri huumwi, lakini mayai yako kwenye mbao za kitanda, usiporudia umeumia.

Kurudia huko ndo kuna majina yake. Ule mwezi wa kwanza wa dawa kali ni indakisheni, halafu inakuja konsolidesheni ya kufukuza zilizojificha, mwisho mentenansi ambayo sana sana ni vidonge vya nyumbani, na kwa lukemia kama ya mpwa wangu yote pamoja inachukua kama miaka 2 hadi 3. Mimi naona mentenansi ndo ngumu kuliko zote maana mtoto nywele zimerudi, anacheza mpira, anagombana na wenzake shuleni, na wewe bado unapanga nauli ya kliniki, lazima utajiuliza hivi vidonge ni vya nini tena.

Kitu kingine, usijilinganishe na kitanda cha jirani. Wodi za Uganda utakuta pia watoto wa Burkitt, ile kansa ya tezi inayovimbisha taya au tumbo, jina limetoka kwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeiandika mwaka 1958. Hiyo inakua haraka ajabu, seli zake zinaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili, lakini ikikubali dawa inayeyuka haraka pia, na matibabu yake kwa kawaida ni miezi siyo miaka, mentenansi haina. Kwa hiyo mama wawili wanaweza kuambiwa rimisheni siku moja, mmoja akabakiza mizunguko michache aende zake na mwingine akabakiza miaka 2, wala hakuna aliyeonewa.

Ikirudi baada ya rimisheni inaitwa rilapsi. Hapa watu wanachanganya na "kaunti kushuka". Kaunti ni hesabu ya damu tu, kemo inaua seli zinazokua haraka bila kuchagua, ndo maana nywele zinadondoka, mdomo unatoka vidonda na chembe nyeupe za kupigana na maradhi zinapungua, mara nyingi wiki moja hadi mbili baada ya dozi. Kushuka kwa wakati huo ni kazi ya dawa, kansa haijarudi. Ila mtoto akipata homa ya 38 kaunti zikiwa chini usimpe Panadol ukangoja asubuhi, muwahishe hospitali usiku huohuo, maambukizi yanaweza kumuua haraka kuliko kansa yenyewe.

Na kupona je? Hakuna kipimo cha siku moja cha kupona. Rilapsi nyingi zinatokea miaka ya mwanzo, kwa hiyo kadiri muda unavyopita bila kitu ndivyo madaktari wanavyopunguza wasiwasi, wengi wanalitumia neno kupona ikishapita kama miaka 5. Mpwa wangu sasa yuko mentenansi, dada ameshazoea, mtu akimwambia hongera kwa kupona anajibu bado tunapuliza dawa. Kuku wa pili tumemwacha kwanza.