Waksi ya gari bado ipo au imekwisha? Dhana potofu na ukweli

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipitia nyumbani na gari lake, Toyota IST nyeusi. Alichota kopo la maji, akayamwaga juu ya boneti, na maji yakajikusanya matone ya duara yakawa yanateleza kama juu ya jani la mgimbi. "Shemeji, unaona? Waksi niliyopaka kabla ya Ramadhani bado ipo." Tangu Ramadhani ilikuwa imepita zaidi ya miezi sita, na gari lile hushinda juani na kulala nje. Nikamwomba ndoo, shampuu ya magari na kitambaa. Nikaosha nusu moja ya boneti mara mbili, nikasuuza, nikamwagia maji tena. Upande nilioosha, maji yalitandaa yakang'ang'ania rangi na kuanza kukauka palepale. Upande wa pili matone yaliendelea kukimbia. Tulipomuuliza kijana aliyeliosha asubuhi ile, alisema bila kuficha kwamba alimalizia na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo ili gari ling'ae.

Kilichokuwa kinafukuza maji ni mafuta ya taa. Nimeosha na kupaka waksi magari ya watu kwa miaka mingi, na sijaona jambo linalowachanganya wenye magari kama hili. Kila ishara wanayoitegemea inaweza kuletwa na kitu kingine.

Dhana: Maji yakifanya matone, waksi ipo

Tone husimama pale maji yanapokuta uso yasioweza kuushika, basi yanajivuta yenyewe kwa yenyewe. Waksi huufanya uso wa rangi uwe hivyo. Lakini silikoni hufanya hivyohivyo, mafuta ya taa na dizeli hufanya hivyo, na shampuu nyingi za siku hizi zina waksi kidogo ndani yake inayobaki juu ya rangi kwa siku chache. Hata rangi mpya ya kiwandani ambayo haijawahi kuguswa na waksi hukusanya maji vizuri tu. Tone linakuambia habari za uso wa juu kabisa siku hiyo, basi. Halikuambii ni kitu gani kiko pale, wala kitakaa mpaka lini.

Dhana: Maji yakitandaa, waksi imekwisha

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, na ndiyo inayowatoa watu hela bure. Gari likikaa wiki mbili kwenye barabara ya vumbi, juu ya waksi hujengeka utando mwembamba wa vumbi, moshi na mafuta ya barabarani. Maji yanagusa utando huo, hayaifikii waksi. Mwenye gari anaona yametandaa, anakimbilia kupaka upya. Osha vizuri, suuza, jaribu tena, na mara nyingi utaona matone yamerudi. Tena kuna vilinda rangi vya kisasa vilivyotengenezwa makusudi ili maji yateremke kwa pamoja kama pazia badala ya kusimama matone. Kwa aina hiyo, tazama kasi: maji yanaondoka upesi na kuacha rangi karibu kavu, au yanabaki yamelala pale?

Basi nipime vipi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi.

Tafuta shampuu ya magari ya kawaida ambayo chupa yake haisemi ina waksi. Osha gari kivulini, bodi ikiwa imepoa, kisha usuuze kwa maji mengi. Ukishuku kwamba limepitishiwa mafuta ya taa au dawa ya kung'arisha, osha mara ya pili. Kausha. Sasa chukua waksi yako, upake eneo dogo la boneti lenye ukubwa wa kiganja, uliache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ulifute. Umeshapata shahidi wako: kipande unachojua kwa hakika kina waksi. Mwaga maji taratibu yapite juu ya kiganja hicho na pembeni yake kwa pamoja.

Kama maji yanapita bila kubadilika, huwezi kuona mpaka wa kile kiganja, waksi ya zamani bado inafanya kazi. Kama mpaka unaonekana waziwazi, ndani ya kiganja matone madogo yaliyosimama wima na nje yake matone mapana, bapa, yenye kingo zilizopindapinda, waksi iko ukingoni. Na kama nje ya kiganja maji yametandaa kabisa, imekwisha. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakikulazimishi kukumbuka maji yalikuwaje miezi mitatu iliyopita. Unalinganisha vitu viwili vilivyo mbele ya macho yako.

Usiishie kwenye boneti. Boneti, paa na buti hupigwa na jua moja kwa moja, na ndiyo hupoteza waksi mapema. Milango kwa juu hukaa nayo muda mrefu zaidi, lakini sehemu ya chini, nyuma ya magurudumu, husuguliwa na mchanga unaorushwa na tairi pamoja na sponji ya muoshaji anayehangaika kutoa tope. Gari moja linaweza kuwa na waksi mlangoni na lisiwe nayo paani. Kwa hiyo hakuna jibu moja la gari zima, na hakuna sababu ya kupaka gari zima kila mara.

Dhana: Linang'aa, kwa hiyo limelindwa

Kung'aa kunatokana na ulaini wa tabaka la juu lisilo na rangi, lile mafundi rangi wanaloliita klia. Klia ikiwa haina mikwaruzo, mwanga unarudi sawasawa na gari linang'aa hata kama halina chembe ya waksi. Na kuna dawa zinazojaza mikwaruzo kwa mafuta, gari likapendeza siku ya harusi, kisha mikwaruzo ikarudi baada ya kuoshwa mara mbili tatu.

Kwenye suala hili lugha yetu ya mitaani imetuponza, kwa kuwa kila kitu tunakiita polishi. Polishi ya kweli ina chembe za kusugua. Inapunguza klia kidogo ili kuondoa mikwaruzo. Waksi haipunguzi kitu, inaongeza utando juu. Klia ya magari mengi ina unene wa kama maikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mtu anayepeleka gari "likapigwe polishi" kila baada ya miezi miwili akidhani anaongeza kinga, anaimaliza klia yake. Muulize fundi kabla hajaanza: hiyo dawa inasugua au inapaka? Kama hajui, mwambie aiache.

Dhana: Kidole kikilia "kwii", waksi hakuna

Wazee wa kazi walipitisha kidole au kitambaa kikavu juu ya rangi. Kikilia, wakasema uso mtupu. Kwa waksi laini za zamani ilisaidia kiasi, lakini vilinda rangi vya kisasa vingine hulia hata vikiwa vipya. Tena ukikokota kitambaa kikavu juu ya rangi yenye vumbi unachora mikwaruzo kwa mkono wako mwenyewe. Kiacheni kipimo hiki.

Dhana: Rangi ikiwa na ukwarukwaru, waksi imetoka

Ule ukwarukwaru ni vitu vilivyonasa juu ya rangi: chembe za chuma kutoka breki, utomvu wa miti, saruji, vumbi lililogandamana. Ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, upitishe polepole juu ya boneti iliyooshwa, na utavihisi hata vile ambavyo ngozi tupu haivisikii. Vinaweza kunasa juu ya rangi yenye waksi, na rangi laini kama kioo inaweza kuwa haina waksi. Kuna udongo maalumu wa kuviondoa. Ukiutumia, jua kwamba waksi nayo itaondoka nao, na utalazimika kupaka upya.

Dhana: Sabuni ni sabuni

Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na waksi kwake ni mafuta tu. Ukiosha gari nayo kila Jumamosi, usishangae kwamba waksi ya wiki tatu haionekani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo si kali kiasi hicho. Wengi huamini kwamba kuosha nayo mara moja kunaondoa waksi yote, jambo ambalo si kweli: huidhoofisha, na mara nyingi kiasi fulani hubaki. Kwa hiyo usiitegemee unapotaka kuvua waksi kabisa, na usiitumie unapotaka idumu.

Dhana: Nikiwa na waksi, kinyesi cha ndege hakiniharibii rangi

Sisi wa pwani tunaishi na kunguru. Egesha chini ya mwarobaini asubuhi, na jioni boneti ina madoa. Waksi inasaidia kwa kuwa doa halishiki sana na linafutika kirahisi, na inakupa muda kidogo. Haizuii kabisa. Boneti nyeusi ikipata joto, klia inalainika na kutanuka. Jioni ikipoa inajibana kulifuata lile doa lililokauka, na kwa kuwa kinyesi kina chembechembe, klia inabaki na alama ya umbo lake. Lowesha doa kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kisha uliinue. Usisugue.

Watu pia husema matone ya maji huchoma rangi juani kama lenzi. Tone lililokaa juu ya bodi haliwezi kukusanya mwanga pale lilipogusa, sehemu ya kukutania miale iko mbali zaidi chini yake. Alama nyeupe unazoziona ni za chumvichumvi za maji ya kisima zinazobaki maji yakikauka. Na hapo gari lenye waksi nzuri linahitaji uangalifu zaidi, maana matone yaliyosimama hukauka na kuacha vidoa vya duara. Likaushe kwa kitambaa, usiliache jua likaushe.

Dhana: Waksi hukaa mwaka

Waksi ya kanauba hutoka kwenye majani ya mtende wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ikiwa peke yake ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 80, lakini ndani ya kopo imechanganywa na mafuta na vimiminika vingine ili ipakike. Kwa gari linaloshinda juani na kuoshwa kila wiki, hesabu wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Vilinda rangi vya kutengenezwa viwandani hudumu zaidi, na zile kinga ngumu za seramiki huweza kudumu miaka. Usifuate muda wa kudumu ulioandikwa kwenye chupa. Fuata kile kipimo cha kiganja.

Dhana: Rangi iliyopauka inahitaji waksi tu

Kabla ya kununua kopo, futa sehemu iliyopauka kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikipata rangi ya gari, gari lako halina klia na rangi yenyewe inageuka unga. Inaweza kung'arishwa kwa polishi ya kusugua, kisha ikapakwa waksi. Lakini paa likiwa na mabaka meupe yanayobanduka kama ngozi ya kitunguu, hiyo ni klia inayoachana na rangi, na hakuna waksi itakayoirudisha. Kazi hiyo ni ya fundi rangi. Akishapuliza upya, mwache akuambie usubiri muda gani. Rangi iliyokaushwa kwa hewa ya gereji bila tanuri huendelea kutoa vimiminika vyake kwa wiki nyingi, na wengi hushauri kukaa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuipaka waksi yoyote.